Trei za Mayai Ukutani

Kwetu mtaa wa Bwiza tuliambiwa kwamba trei za mayai hunywa sauti. Tena hunywa mpaka zinashiba, na zikishiba inabidi uzianike juani zitoe kelele zote zilizomo tumboni, ndipo uzirudishe ukutani. Habari hiyo niliiamini kuliko hesabu zote nilizofundishwa shule ya jioni.

Wakati huo nilikuwa naomba kazi ya kujibu wateja kwa kompyuta, nikiwa nyumbani, kwa kampuni moja ya Dar es Salaam. Sharti lilikuwa chumba kitulivu. Changu kilikuwa chini ya mabati, na nyuma ya ukuta jirani yangu, fundi wa majiko, alikuwa akiponda mapipa tangu Mungu aumbe chuma.

Basi nikala mayai. Nikawalisha wageni mayai, karibu niwalishe na wapita njia. Mke wangu akasema, "We baba, bado kidogo utaanza kutaga." Trei zikajaa kuta zote na mlango. Nikamwendea fundi, kifua mbele.

"Jirani, kesho naongea na wakubwa. We piga tu! Hata ukibomoa mji, mi sisikii."

"Kweli? Mi nilitaka kupumzika kwa ajili yako."

"Apana, piga!"

Asubuhi nikazianika, nikazirudisha. Mama wa kampuni aliyekuja kunisaili akatokea kwenye kioo cha kompyuta. Nilipofungua mdomo tu, nyundo nayo ikaanza. Kikombe kikacheza mezani.

"Unanisikia, madamu?"

"Nasikia chuma, kaka."

Mke wangu akakimbia nje. Dirishani nilimwona akipunga mikono na kupiga kelele, na fundi, asiyesikia neno, akampungia nyundo kwa furaha kama anayesalimiwa, kisha akaongeza nguvu. Nikabaki nimekaa, mikono magotini, nikitabasamu mbele ya kamera kama mtu anayepigwa picha ya harusi.

"Pole sana," mama yule akasema nyundo ilipopumua. "Kazi hii ni ya sauti. Sitaweza kukupa. Na hizo nyuma yako ni nini?"

"Trei za mayai, madamu. Nimezianika leo."

Akasogeza uso kuzitazama. Wala hakucheka.

"Kaka, trei ni karatasi tu. Kelele ya nje inapita hapo kama hakuna kitu. Kinachoizuia ni ukuta mzito, dari chini ya hayo mabati, na dirisha linalofunga."