Uso wa Baba Mkwe

Wazee wenye akili zao, kipupwe kikiingia Mbeya, huomba nauli kwa watoto wakaote jua Dar es Salaam. Mama mkwe wangu, Bibi Ikupa, hufunga kibegi chake pale Uyole, akavaa masweta mawili na kupanda basi la Iringa. Anatoka kwenye baridi anakwenda kwenye baridi. Tangu astaafu kwenye maabara ya mbegu za viazi, kila Julai kwake ni makumbusho. Ameshaona mikuki, ameshaona mashoka ya mawe, na wa kumsindikiza ni mimi, kwa kuwa kwetu ni Iringa na eti sina kazi ya maana.

Mwaka huu nilikataa. Jicho lake la kushoto limeshazima kwa presha ya macho, na la kulia daktari amesema linafuata. Asubuhi anamenya viazi kwa kupapasa, na mimi ndiye ninayemtilia matone. Nikamwambia, "Mama, safari hii tupumzike."

"Pumzika wewe, Jackline," alinijibu. "Mimi nina mtu wa kumwona kabla sijawa kipofu."

Mtu mwenyewe ni baba mkwe wake, mzee Andendekisye, aliyefariki miaka thelathini iliyopita. Hapo lazima nieleze, maana hata mimi, Mhehe, mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hamtazami baba wa mumewe. Hasalimiani naye wala hatamki jina lake. Mama aliishi uwanja mmoja na yule mzee miaka kumi na minne. Wakikutana njiani alichepuka, akachuchumaa, akajifunika kichwa mpaka apite. Hata msibani alikaa na wakwe wenzake nyuma ya nyumba. Na picha ya mzee haikuwepo nyumbani hata moja.

Lakini ni mzee huyo huyo aliyemtetea. Mama alipopata nafasi chuo cha kilimo, akiwa na mume wangu mgongoni, ukoo mzima ulisema mke haendi shule akaacha mtoto. Mzee akasimama nje ya ukuta wa jiko alimokuwemo mama, akasema kwa sauti, kana kwamba anaongea na ng'ombe wake: "Mkwe aende. Maziwa ya mtoto yapo." Basi. Mama akaenda, akarudi na cheti, na ahsante ikamkaa kooni miaka yote hiyo.

Wifi yake Tupokigwe ndiye aliyemponza. Alimsimulia kwamba baba yao ujanani alikuwa fundi mwashi Iringa, akapigwa picha na wenzake, na kwamba picha hiyo imetundikwa kwenye makumbusho ya parokia moja huko. Aliposikia mama anafunga begi, alipiga simu amechachamaa: "Wifi, baba mkwe hatazamwi! Hata kwenye picha!" Mama akakata simu. Sijawahi kumwona akimkatia mtu simu.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na baridi ya kung'ata. Msimamizi wake, mzee Kalinga, alitupokea kwa "Kamwene" na kutupeleka kwenye picha: wanaume kumi na mmoja wamesimama mbele ya ukuta ambao haujakwisha, wote peku.

"Ndugu yenu anaitwa nani?" aliuliza.

Mama akageukia dirishani. Jina nikalitaja mimi.

Kalinga akatikisa kichwa. "Majina hayapo, mama. Wameandika 'mafundi' tu. Ila si sura yake mnaijua?"

Nilinyong'onyea. Mbeya mpaka Iringa, masweta mawili, wifi amenuna, na hakuna aliyefikiria jambo dogo kama hilo: mama hajui anamtafuta nani! Nilitaka kulia, halafu nikakasirika. Nikamshika mkono. "Twende, mama. Tumejaribu."

"Niache."

Alijifunika kitenge kichwani, akachuchumaa mpaka jicho lake zima likawa sawa na ukingo wa chini wa picha, akaanza kuzipitia zile nyayo moja moja, pua karibu iguse kioo. Kalinga alitaka kumletea kiti, nikamzuia. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Kwa wa nane akakomea.

"Huyu."

Mguu wa kulia haukuwa na kidole gumba.

"Shoka lilimkata akiwa mdogo," alisema. "Miaka kumi na minne, Jackline, hii ndiyo sura yake niliyoijua."

Akabaki chini pale pale, anahema, jicho kwenye nyayo. Nikadhani ametosheka. Kisha akashika ukuta, akainuka polepole, na jicho likapanda naye: magoti, kifua, shingo, mpaka usoni. Kijana wa miaka ishirini na kitu, masikio makubwa, anatutazama moja kwa moja.

"Ndaga fijo, tata," alimshukuru kwa Kinyakyusa, na machozi yakamshuka, jicho zima na bovu.

Nikamwambia akae kidogo. Hakunisikia. Alikuwa anafungua kitenge kichwani, mvi zote nje kwenye baridi ile.

"Na yeye hajawahi kuniona," alisema.