Mafuta Yamekwisha Segera

Siku aliyoitwa Nehemia ofisi ya serikali ya mtaa, Ngamiani nzima, pale Tanga mjini, ilikuwa inanukia bajia. Barabara ya Nane bajia, ya Tisa bajia, na waliozichoka bajia walikuwa wameshahamia kwenye kachori. Yeye alipita katikati ya harufu hiyo na shati lake la kanisani, bila kutazama karai la mtu. Maana sababu ya mapishi yote hayo alikuwa yeye, na hakuna aliyekuwa akimshukuru.

Nehemia ni mtoto wa Maramba. Baba yake alitoka bara kuja kukata mkonge, akaoa, akazeeka, akazikwa huko huko na wimbo wa Kilutheri. Mwana aliukataa mkonge mapema. Akapanda lori, akawa utingo wa njia ya Tanga hadi Segera kwa miaka mingi, kila kona anaijua, kila mama muuza machungwa wa Muheza anamjua kwa jina. Kisha siku moja lori likalala ubavu pale Hale. Hakuvunjika hata kidole, ila tangu siku hiyo akikanyaga ngazi ya lori magoti yanamtetemeka, hapandi, hata umtukane. Akashukia Ngamiani na mfuko mmoja, akaomba chumba cha mbele kwa Bi Mwanasiti afungue kibanda cha gemu.

Bi Mwanasiti ni Mdigo, mjane, mtu wa swala tano, na uso wake si wa kuchezewa. Alimtazama juu mpaka chini. "Chumba utapata, mwanangu," alimwambia. "Ulevi sitaki, na kelele zako zisipite ukuta huu."

Zilipita. Zisingepitaje, na ukuta wenyewe ni wa udongo? Kila alasiri, mchezo unapokolea, Nehemia alisikia mkongojo wa bibi ukigonga ng'o, ng'o, ng'o upande wa pili. Mara moja anainama, anapunguza sauti ya spika. Baada ya muda kidogo ng'o, ng'o tena, anapunguza zaidi. Usiku alilala akijiuliza atafukuzwa lini.

Kibandani kulikuwa na gemu la mpira wa miguu kama kwingine kote, lakini watu hawakwenda kwa Nehemia kwa ajili ya mpira. Walifuata kompyuta moja kuukuu ya pembeni, iliyokuja na gemu ambalo hakuna aliyeliagiza. Gemu hilo ni la Amerika, ila si hii tunayoijua. Katika Amerika hiyo, uhaba wa mafuta wa miaka ya sabini haukuisha kamwe. Visima vilikauka, serikali ikabaki jina, na watu wakafunga bunduki juu ya magari yao, wakawa wanawindana jangwani kwa ajili ya dumu la petroli. Katikati ya vurugu hilo yuko dada mmoja mwenye gari jekundu. Amebeba pipa la mafuta, anataka kulifikisha kwenye zahanati ya kwao kabla jenereta halijazima.

Wateja wake walikuwa mafundi baiskeli, vijana wa bodaboda na wavuvi waliopumzika. Kiingereza hawajui, na Nehemia mwenyewe chake ni cha kuokoteza. Basi akawa anawatafsiria kwa sauti huku anaendesha, na mtu akishatafsiri maneno, kwa nini asitafsiri na mahali? Yule dada akamwita Imakulata, jina la shangazi yake. Mji wa kwanza akauita Muheza, wa pili Hale. Na pale barabara kuu mbili zinapokutana, pangeitwa nini kama si Segera? Akishika usukani wa plastiki wa gemu magoti hayamtetemeki. Ilikuwa njia yake ile ile, ila lori halimlalii mtu.

Hapo Segera ndipo alipokwama siku zote. Maadui walimzingira Imakulata, tangi likakauka, mchezo ukaisha. Jumamosi moja alikuwa karibu sana kupita, akajisahau, akapaza sauti kama mnadi wa sokoni: "Mafuta yamekwisha Segera! Muheza hakuna hata tone! Wanakuja Tanga, jamani, wanakuja kuyachukua yetu!"

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Neno mafuta kwetu ni pana, kila mtu alilichukua kwa shida yake. Mwatumu, anayekaanga vitumbua nyumba ya tatu, alisikia mafuta ya kula, akakimbia dukani na ndoo, na wanawake waliomwona na ndoo wakakimbia na zao. Wenye bodaboda walisikia petroli, foleni ya sheli ikafika njia panda. Bibi mmoja aliweka akiba ya mafuta ya taa, na binti mmoja, Mungu amsamehe, alinunua mafuta ya nazi ya kupaka. Ilipofika magharibi magari yalikuwa yanaingia kutoka Segera na matangi yamejaa, na watu wakaanza kuulizana, hivi ni nani aliyesema?

Ndiyo maana Jumatatu, ndoo za mafuta zikiishia kwenye bajia, aliitwa. Waliitwa pia Mwatumu kama mlalamikaji na Bi Mwanasiti kama mwenye nyumba. Maneno yalishamfikia Nehemia kabla hajafika: kibanda kinafungwa. Na kikifungwa, kazi nyingine aijuayo ni lori. Aliogopa, tusidanganyane.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba." Mzee Uweso, mwenyekiti wa mtaa, hakumwonyesha kiti. "Wewe ndiye uliyetangaza kwamba mafuta yamekwisha?"

"Lilikuwa gemu, mzee. La Amerika."

"Gemu gani la Amerika lina Segera?"

Nehemia alieleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona anazama. Ati jangwa, ati magari ya bunduki, ati Imakulata. Mwatumu akamkatiza.

"Mimi huyu sikumsikia, mwenyekiti. Hayo makelele ya kibandani nimeshayazoea, siyatii maanani. Mimi niliambiwa na mtu mzima, mtu wa kuaminika. Ndipo nikachukua ndoo."

"Mtu gani huyo?"

Mwatumu akatazama sakafu. Bi Mwanasiti akavuta ushungi wake vizuri.

"Ni mimi," alisema.

Nehemia alidhani amesikia vibaya.

"N'limwambia, ndiyo," bibi aliendelea, naye anazidi kuwaka. "N'limwambia kama mtu anavyomhadithia mwenziwe mchezo wa redio. Yule mtoto wa kike katoka mbali na pipa lake, watu wanamngoja zahanati, afike Segera akwame! Mie roho iliniuma, wallahi. Nikamwambia, Mwatumu, mafuta yamekwisha Segera. Basi! Nani kamtuma akanunue ndoo nzima?"

Mwatumu ndiye aliyeanza kucheka. Mwenyekiti alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Na alikuwa na sababu ya kutokuwa mkali sana, kwani nyuma ya kiti chake palikuwa na madumu mawili yaliyofunikwa gunia, na ofisi nzima ilinuka petroli.

"Haya," alisema. "Kibanda kibaki. Ila miji yetu iache, tumia ya hao hao Waamerika."

"Aka!" Bi Mwanasiti akaruka. "Hiyo mie siijui. Nitajuaje kafika wapi?"

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Basi fanya hivi, kijana. Hadithi ina mlango wake. Ukianza, sema paukwa. Wakishaitikia pakawa, hakuna wa kutoka na ndoo."

Nehemia alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumamosi. Alitoka nje mwepesi, na kwa mara ya kwanza siku ile zile bajia zikamnukia vizuri, njaa ikamshika. Alitembea polepole pembeni ya bibi, akimshukuru mpaka bibi akachoka kushukuriwa.

"Nyamaza," bibi alimwambia. "Na una ubaya mmoja, leo n'takwambia."

Nehemia akasimama njiani. "Upi, bibi?"

"Nikigonga ukuta, kwa nini unapunguza sauti?"

"Si... si unataka kelele zipungue?"

"Masikio yangu ya kizee haya! Nagonga uongeze, wewe unapunguza. Nagonga tena, unapunguza tena! Mpaka n'kadhani labda unan'chukia."

Alasiri kibanda kilijaa hadi mlangoni. Mwatumu alileta sinia la bajia, akaliweka juu ya kompyuta ya gemu la mpira. Nehemia alishika usukani wa plastiki, akakohoa kidogo kwa haya.

"Paukwa!"

"Pakawa!" Mafundi na wavuvi waliitikia, lakini iliyotangulia ilikuwa sauti kutoka upande wa pili wa ukuta.

Imakulata akaondoka Hale na pipa lake, vumbi nyuma. Segera ikaonekana mbele. Mkongojo ukagonga, ng'o, ng'o, ng'o. Mkono wa Nehemia ulikwenda kwenye spika kwa mazoea, ukasita kidogo, kisha ukaongeza sauti.