Blanketi la Mama Debora

Dada yangu, sogea karibu. Wewe sikufichi kitu. Nataka nikuambie kazi ya vyumba ilivyokuwa pale gesti ya Kensington, huku kusini mwa Afrika, toka 2015 mpaka 2019, na nikuonyeshe mahali hasira yangu ilipoanzia. Nimeipeleka mbele za Bwana mara nyingi. Naona ameniachia niitumie.

Siku ya kwanza nilitoka mtaani kwetu La Rochelle na giza, nimevaa kitenge changu cha kanisani. Supavaiza, mama Mzulu mwenye funguo kiunoni, akaniangalia juu mpaka chini. "Mama, umekuja kazini au harusini?" Akanirushia koti la bluu. Yeye ndiye aliyenifundisha kona ya hospitali: shuka unaikunja pembeni kama bahasha, unaichomeka chini ya godoro mpaka ikaze. Akanifundisha kuanza kufuta juu na kumaliza chini, ili vumbi lidondoke mbele ya ufagio. Na kufunua kitanda: jioni unarudi chumbani, unakunja shuka upande mmoja, mgeni aone anakaribishwa kulala. Mimi niliyelala juu ya maboksi pale mpakani Beitbridge nikikimbia kwetu, nikacheka peke yangu.

"Na sheria ya mwisho," akasema. "Macho yako ni ya vumbi. Masikio hayana kazi hapa."

Yangu yalikuwa na kazi. Kiingereza nilikisoma darasa la jioni Turffontein, nikisinzia, lakini nilikisoma.

Mwisho wa 2016, Amerika walipokuwa wamechagua rais mpya, wakaja mume na mke wa kutoka huko, watu wazima. Asubuhi napanga vikombe verandani, mke anasema, "Nchi ile siwezi tena kuishi. Tunahamia Kanada." Mume akajibu, "Mimi nimeshaamua." Wakaanza kulinganisha. Kanada maziwa mengine yanauzwa kwenye mifuko. Barabara wanazihesabu kwa kilomita, siyo maili. Baridi wanaipima kwa namba nyingine. Hospitalini hawadai pesa mlangoni. Mke akauliza kama atapata siagi ya karanga aliyoizoea.

Dada, mimi nimetoka Lubumbashi. Kwetu mtu anayehama kwa sababu ya rais hasemi verandani. Anafunga dirisha kwanza, na kesho yake humwoni. Nikainama nikamwambia, "Mama, shusha sauti. Kuna wageni wengine ndani."

Akanishika mkono. "Asante, mpenzi. Wewe unatuelewa."

Ningeachaje kuelewa? Nikawauliza swali moja: "Huko Kanada magari yanapita upande gani?" Kwa sababu Kongo yanapita kulia, na ukivuka pale Kasumbalesa kuingia Zambia yanapita kushoto. Mwanangu mkubwa aliangalia upande wa kwetu, akavuka. Lori lilichukua kiatu, yeye likamwacha. Hiyo ndiyo tofauti ya mpaka ninayoijua mimi.

Mume akacheka. "Upande uleule kama kwetu."

"Mungu asifiwe," nikasema.

Kanisani kwetu Rosettenville, mtu akifika anakimbia, hatumhoji. Wamama wa maombi wanapika, wanamfuata alipo, wanamwekea mikono, wanamwachia blanketi. Ndivyo nilivyopokelewa na mimi. Nikamweleza kiongozi wetu, Mama Debora, mama wa Bukavu, ninayemwita yaya, dada mkubwa.

"Wazungu nao wanakimbia?"

"Nimesikia mwenyewe, yaya."

"Eish! Basi dunia imeharibika. Weka sombe kwenye moto."

Jumamosi wamama wakaja pale verandani na sufuria ya sombe, majani ya muhogo yale, na bukari, yaani ugali, ambao hapa wanauita pap. Mama Debora alileta blanketi lake mwenyewe, lile alilotoka nalo Bukavu. Wakaimba. Wakawawekea wale wawili mikono kichwani, wakamwomba Mungu awafungulie mpaka. Mke akalia. Mume akapiga picha. Wakala wakashiba, halafu mume akafuta midomo akasema, "Lakini mjue, hatuhami kweli. Kwetu ni maneno tu. Mtu akiudhiwa na uchaguzi, anasema anakwenda Kanada."

Mama Debora hajui Kiingereza. "Amesema nini?"

"Amesema asante, yaya."

Madam Meneja akatukuta hapo. "Nani ameruhusu kanisa kwenye veranda yangu?" Jumatatu akaniita wakati wa chai ya asubuhi, mbele ya wageni. "Utawaambia ulikuwa mzaha, au utavua koti."

Nilikuwa na watoto watatu, baba yao alishatangulia. Koti lile ndilo lililotupa chakula. Nikasema, "Madam, nisamehe kwa kuleta watu bila ruhusa. Lakini maombi hayakuwa mzaha."

Nikamtazama yule mke. Pale gesti mgeni ndiye anayesikilizwa, angesema neno moja tu. Alikuwa anakoroga chai. Alikoroga, alikoroga, mpaka haya nikaona mimi.

Aliyefungua mdomo ni Supavaiza, mlangoni. "Madam, kule dobi hatuna mtu wa pasi."

Hivyo nikatolewa vyumbani, nikapelekwa nyuma kwenye mvuke. Kuna pasi ya rola kule, inameza shuka huku na kuitoa kule imenyooka; ukizubaa inameza na vidole. Nimesimama hapo mpaka 2019, magoti yalipokataa.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa wa chumba cha wale wawili, wameondoka kurudi kwao, Amerika. Katikati ya mataulo nikakuta blanketi la Mama Debora, lina alama za viatu vya tope. Walilikanyaga. Sikulitia kwenye mashine. Nililifua kwa mikono, nalia kwa hasira, nikampelekea mwenyewe na kumweleza yote.

Akalikunja. "Hawakuhama?"

"Hawakuhama."

"Lipo basi. Mwingine anakuja."

Akaja kweli, mama wa Uvira, mtoto mgongoni, miguu mitupu. Blanketi likaenda naye.

Wanangu wananiambia kwa Kiingereza chao, Mama, yameshapita. Hayajapita. Mtu kubaki kwao siyo kosa, namshukuru Mungu wana kwao. Mimi kinachoniuma ni kwamba jambo lililotutoa roho wao walilinywea chai, na watoto wangu nusura walale njaa kwa ajili yake. Lakini akija mwingine kesho akisema anakimbia, nitapika tena. Sitamwuliza.

Basi dada, habari hii usikae nayo. Wape mabinti wanaoanza kazi ya vyumba. Na ukikutana na Mmarekani anayesema anahama, mpe na yeye. Mwambie blanketi lingine tunalo, limefuliwa. Aje siku atakapokimbia kweli, bila viatu.