Mkono Nilioinua Engutoto

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Ningekuwa hodari wa kutunga uongo ningeutunga wakati ule nilipokuwa na njaa, nikauuza, nikala. Sasa hivi nina wajukuu na migomba yangu huku Meru. Uongo utanifaa nini?

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba imejaa kila kona ya Arusha, viwanda vinapunguza watu, na magazeti ya watu binafsi yanaota kama uyoga. Mimi nilikuwa naliandikia mojawapo habari za michezo. Ndiyo, mwanamke, na ngumi ndizo nilizozipenda kuliko michezo yote. Nilikuwa nalipwa kwa habari iliyotoka tu, na zangu zilikuwa hazitoki. Nikipiga simu Dar, mhariri ananijibu, "Dada, matokeo ya mpira nayapata redioni. Niletee mtu. Mtu mwenye kisa."

Huyo mtu nilimpata mtaa wa Sakina, pembeni mwa barabara ya Nairobi, kwa sababu ya pancha. Nilikuwa nimempelekea mzee mmoja baiskeli yangu azibe tairi. Nikiwa nimekaa kwenye kigogo nasubiri, lori likapunguza mwendo na dereva akachungulia dirishani akipiga kelele, "Nyundo! Bado unapumua?"

Yule mzee hakuinua kichwa. Ila mimi nilishtuka. Kila aliyefuatilia ngumi kaskazini aliwahi kulisikia jina la Anaeli Nyundo, kijana wa Kimeru aliyekuwa akiwaangusha watu kwa mkono wa kulia, kisha siku moja akaacha na asionekane tena ulingoni. Nikaangalia vidole vyake juu ya ule mpira wa tairi. Vilikuwa vimevimba kwenye viungo kama tangawizi.

"Shikamoo, mzee. Kumbe ndiye wewe?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa ndiye. Sasa ni fundi pancha."

Alipogeuka kunitazama nikaona jicho lake la kushoto limevimba, na juu ya nyusi kuna kidonda kibichi. Mzee wa umri ule! Nikamuuliza ni nani aliyempiga.

Akaniuliza yeye, "Unaandika ngumi? Na pointi unajua kuhesabu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi njoo kwangu Engutoto, Jumamosi. Njoo jua likiwa bado lipo."

Nilikwenda. Wewe usingekwenda? Nilijua nimempata mtu mwenye kisa.

Mkewe, Mama Eliya, ndiye aliyenipokea. Mama mnene, mtaratibu, kitenge kimefungwa vizuri. Akanipa chai ya maziwa, akakaa karibu yangu na kunieleza mambo kama mtu anayeeleza ugonjwa wa ng'ombe, bila kupamba.

Pambano la mwisho la Anaeli lilikuwa na rafiki yake wa chanda na pete, Hamisi wa Daraja Mbili. Walijifunza ngumi pamoja, wakila sahani moja. Siku hiyo walipigana raundi zote hadi kengele ya mwisho. Wakasimama katikati, refarii kawashika mikono wote wawili, wakingoja majaji watangaze. Kabla tangazo halijasomwa Hamisi akalegea, akaanguka. Akafia njiani kupelekwa hospitali. Watu walikimbia, ukumbi ukafungwa, na matokeo hayajasomwa hata leo. Majaji wenyewe walishatangulia mbele ya haki.

"Alianza kuja baada ya arobaini," Mama Eliya akaniambia. "Kila Jumamosi. Anataka warudie. Mama yake alisoma hitma, mchungaji wetu naye akaja tukaomba. Mchungaji akaondoka. Hamisi hakuondoka."

Nikauliza mzee anafanya nini akija.

"Anapigana naye. Afanyeje? Lakini ikifika raundi ya mwisho Anaeli anashusha mikono, hataki kumpiga tena rafiki yake. Basi pambano haliishi. Wiki ijayo tena. Zamani alikuwa na nguvu za kuhimili. Sasa anakojoa damu, mwanangu. Mwisho ataniulia mume."

Nakuambia ukweli, nilimwonea huruma, lakini sikumwamini. Nilijua mabondia wengi waliopigwa kichwani mpaka wakawa wanazungumza na ukuta. Nikajisemea moyoni, habari yenyewe ndiyo hii: bingwa aliyesahauliwa, akili imeyumba, mke mvumilivu. Mhariri angefurahi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kilichofagiwa, nguzo nne za mkaratusi zimezungushiwa kamba. Juu ya mparachichi ilining'inia rimu ya gari, kama zile za kengele ya shule. Ukungu ulikuwa umeshaanza kuteremka kutoka mlimani, lakini kulikuwa na mwanga wa kutosha kusoma. Mzee akatoka amevaa bukta, mikono imefungwa vitambaa. Akaniwekea stuli nje ya kamba.

"Nahitaji jaji," akasema. "Leo nitapigana mpaka mwisho. Ila uniambie kweli, mwanangu. Usinionee haya."

Mama Eliya akagonga rimu kwa bolti.

Kwanza niliona kitu cha kuchekesha: mzee mwenye kitambi anarukaruka peke yake, anapiga hewa. Kuku walikuwa wanadonoa pembeni ya kiwanja. Ghafla wote wakaukimbia kwa pamoja upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu. Kisha nikaona vumbi linatimka pale, kidogo kidogo, kama mtu anayecheza na miguu yake. Nikajiambia ni upepo.

Halafu kichwa cha mzee kikaruka nyuma.

Niamini, mtu hawezi kujipiga vile. Nimekaa kando ya ulingo miaka mingi, naijua sauti ya ngumi ikitua kwenye nyama. Niliisikia. Nikasikia na pumzi za watu wawili wanaovutia puani, moja nzito ya mzee na nyingine nyepesi, ya haraka, ya kijana. Mzee alipojibu kwa mkono wa kulia, kamba ya upande wa pili ilivutika kwa nje, ikabaki imevutika, kama inayobeba mgongo wa mtu.

Nilitaka kukimbia. Mama Eliya alikuwa amesimama na bolti yake, ametulia, kama anayesubiri maharage yaive. Basi nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikaanza kuhesabu.

Sikumwona Hamisi hata mara moja. Lakini ngumi zake nilizisoma kwenye mwili wa mzee. Alikuwa mwepesi, anatumia mkono wa kushoto, anapiga na kutoka. Raundi za kwanza zilikuwa zake. Katikati mzee akaamka na kumbana kwenye kona, kamba zinalia. Raundi ya mwisho ilipofika nilimwona mzee anataka kushusha mikono.

"Anaeli!" mkewe akafoka. "Maliza!"

Akamaliza. Alipigana analia, machozi na damu pamoja, na mwenzake hakumwonea huruma hata chembe. Rimu ilipogongwa mzee akajikongoja katikati ya kiwanja, akasimama, akanitazama.

Sasa sikia nilivyofikiri. Nikisema mzee kashinda, huyu mwingine atakubali? Nikisema kashindwa, je, hatamchukua? Nikaifikiria sare. Ulimi ulikuwa umeshaanza kuitamka. Lakini kama ungemwona Mama Eliya alivyonikazia macho! Akasema taratibu, "Kweli, binti. Uongo ndio utakaomrudisha."

Nikasema, "Hamisi ameshinda."

Mzee akatikisa kichwa, akakubali.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ile nilijua. Mwinue mkono, mwanangu. Ndivyo inavyofanywa."

Nikainama, nikapita chini ya kamba. Mpaka leo sijui nguvu za kwenda pale nilizitoa wapi. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia kwenye ile nafasi tupu kando ya mzee, nikangoja.

Mtu akanipa kifundo cha mkono wake.

Watu husema maiti ni baridi. Huyu alikuwa wa moto. Mkono uliolowa jasho, umefungwa bandeji, mshipa unadunda kwa kasi chini ya kidole changu. Na ulikuwa mzito, mkono wa mtu aliyechoka. Nikauinua juu kadiri nilivyoweza. Nikaushikilia. Kisha nikahisi unapungua uzito, unapungua, mpaka nikabaki nimeinua mkono wangu mwenyewe kwenye ukungu.

Kuku wakarudi kudonoa. Mzee alikaa chini palepale, akalia kama mtoto, halafu akaomba ugali. Alikula sahani mbili, mkewe anamtazama tu.

Hamisi hakuja tena. Anaeli alipona, aliendelea kuziba pancha Sakina miaka mingine mingi, na alikufa mzee sana kitandani mwake. Tulimzika kwa wimbo. Kisa chenyewe nilimpelekea mhariri kama kilivyo. Akacheka, akaniuliza kama nimeanza kunywa gongo. Sikumlaumu.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Haukupita muda tangu Jumamosi ile, nilikuwa napita Daraja Mbili jioni moja, nimebeba kapu la nyanya. Mkono wangu wa kulia ukawa mzito. Nikaangalia, hakuna mtu. Lakini kiganjani nilihisi kifundo cha mkono, chembamba, cha mwanamke, kimewekwa pale taratibu, kinangoja. Hakikuwa cha Hamisi. Wiki iliyofuata kikaja kingine, kinene, kina kovu. Kisha kingine. Nadhani unaelewa. Huko waliko marehemu, habari zilikuwa zimeenea kwamba Arusha kuna jaji.

Ngumi niliziacha, uandishi nikauacha, nikahamia huku mlimani nikalima. Wamepungua, lakini hawajaisha. Hata juzi, nikichuma maharage. Wana kesi gani, na nani, sijui, wala hawasemi. Huwa nasimama tu na kuwaambia, "Mimi sikuliona pambano lako. Niwie radhi." Wengine huachia. Wengine hukaa na mimi mpaka jua linazama, na siku hiyo mkono haufai hata kwa kusonga ugali.

Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza, ukiombwa kuamua kati ya watu wawili, usiwe mwepesi wa kukaa kwenye stuli. Uliza kwanza kama wote wawili wako hai. Na ukikuta umeshakaa, basi useme kweli, maana kilichonisalimisha ni hicho tu.