Lweba Tuliyoitembea Kwenye Foleni ya Maji

Rafiki yangu alifia Kazimia, alikokwenda kununua ndakala, wale samaki wadogo wa kukausha. Homa ilimshika jioni. Kulipopambazuka hakuwa nasi tena. Ndugu zake wakaamua azikwe kijijini kwao, Lweba. Boti iliyombeba ilitia nanga mjini Baraka, ninakoishi, ili ijaze mafuta, nami nikapandia hapo.

“Dada, weye uko wa familia?” nahodha aliniuliza.

“Niko rafiki yake. Tulikomalia pamoja kule ng’ambo.”

“Basi ikala pale karibu naye. Asifike kama mugeni.”

Nikakaa kando ya jeneza, mkono juu ya mbao. Ziwa lilikuwa limetulia, jeupe, na ukungu ulikuwa umeimeza pwani yote. Wanawake waliotoka naye Kazimia waliimba kwa sauti ya chini. Sikulala, lakini sidhani pia kama nilikuwa macho.

Tulilelewa kambini, Tanzania. Vita vilipotufukuza, mimi nilivushwa ziwa mgongoni mwa bibi, mchanga kabisa, mama yangu akiwa amekwisha kufa. Bibi hakutaka kusema habari za nyumbani. Nikimuuliza, alizidisha nguvu ya kusonga bukari, ugali wa kwetu, mpaka sufuria ikapiga kelele badala yake.

Aliyenionyesha nyumbani ni rafiki yangu. Alinizidi umri kidogo tu, nami niliamini anakumbuka kila kitu. Tulipopanga foleni ya maji na madumu yetu, alinishika mkono akaanza kunitembeza Lweba.

“Sasa tumetoka kanisani, tunashuka. Angalia kushoto: nyumba ya ule papa muzee anavalaka koti hata jua likiwaka. Usicheke, atatusikia!”

Nilijiziba mdomo. Watu wa foleni walitutazama.

“Hapa bamama banalowekaka mihogo. Unasikia harufu?”

Niliisikia, naapa.

“Tunavuka muto. Inua kanzu, maji iko baridi.”

Nami niliinua gauni langu, katikati ya vumbi lile jekundu. Mwisho wa matembezi daima ulikuwa mmoja. Alisimama, akashusha sauti.

“Hii ni kwenu. Mama yako huyu hapa kwenye kizingiti, anasuka nywele. Iko mwembamba, iko na mwanya. Musalimie.”

“Jambo, mama,” nilisema.

Tuliporudi Congo tukiwa wasichana wakubwa, tulifika Lweba kwa miguu. Kanisani alisimama pembeni ya njia, akaniambia, “Ongoza.” Nikaongoza. Nyumba nyingi hazikuwepo, papa wa koti alikuwa amekufa, lakini mto ulikuwa pale pale nao ulikuwa baridi. Kwetu kulibaki kizingiti cha saruji ndani ya majani marefu. Nilikikalia mpaka jua likapungua, naye akakaa chini, mgongo wake kwenye magoti yangu.

Boti iliyombeba ilipofika Lweba, kijiji kizima kilikuwa kimeshuka ufukweni. Tulimzika alasiri, kwenye mteremko unaotazama maji. Kisha tukakaa matangani, juu ya mikeka, na watu wakaanza kumsimulia. Mwanamke aliyeuza naye samaki Baraka alisema marehemu alitambua kila boti kwa kikohozi cha injini yake, na aliziiga zote sokoni mpaka wateja wakasahau walichokuja kununua. Tulicheka huku tukijifuta macho.

Zamu yangu ilipofika, nikaeleza vile alivyokuwa akinitembeza Lweba kwenye foleni ya maji, kwa sababu alikuwa anakumbuka nisichokumbuka.

Mama yake, aliyekuwa ameinama tangu makaburini, akainua kichwa.

“Akumbuke wapi, mwanangu? Wakati tulikimbia alikuwa angali ananyonya.”

“Alikuwa ananichokesha na maulizo,” aliendelea. “‘Mama, mama ya rafiki yangu alikuwa namna gani? Alikuwa anapenda kuikala wapi?’ Nikamuambia, muache, ule mama alishakufa, unamutakia nini? Akasema, ‘Bibi yake anakataa kusema, na mutoto iko anauliza.’ Basi nilikuwa namuambia tukipika. Kesho yake anarudi tena na ingine.”

Niliwaona watoto wawili wakishuka njia ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeikumbuka, mmoja akimwambia mwenzake aangalie kushoto. Nililia kilio ambacho sikukilia kaburini.

Mama yake akasogea, akanivutia kifuani mwake.

“Alikuambia mama yako alikuwa anaimba vibaya?”

“Hapana, mama.”

“Basi alikufichia hiyo. Alikuwa anaimba vibaya! Kanisani, yeye akifungua kinywa, hata pasteri alikuwa anaangalia chini.”

Nilicheka kabla sijajua kama inafaa. Wazee waliomfahamu mama yangu walicheka pia; mmoja akajaribu kuiga sauti ile.

Siku hizi, nikipata nafasi, napanda pikipiki kutoka Baraka naenda kumsaidia yule mama kumenya karanga. Yeye ananiambia habari za mama yangu; mimi namwambia habari za binti yake, zile ambazo watoto huwaficha wazazi. Juzi nilimweleza siku mtoto wake alipotumbukia mwenyewe kwenye matope ya kambi na nguo mpya ya Noeli, akaazima gauni langu, mimi nikashinda ndani nimejifunga blanketi.

“Kumbe!” mama alisema. “Na mimi nilipiga ule mutoto wa jirani nikisema ndiye alimusukuma!”

Alicheka mpaka karanga zikamwagika, halafu akageuza uso, akatazama ziwa. Nikaziokota pole pole, nikamwachia muda wake.