Jenista Hachakachui

Usiku ule sikulala. Binti yangu Mercy alikuwa hospitali na mjukuu wangu Witness, mtoto wa miezi mitano, na wodini wanaruhusu mama wa mtoto peke yake. Mimi nikarudishwa nyumbani nikae na simu. Niliiweka mapajani, nikaangalia chaji, nikaiweka tena. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa kwenye foleni barabarani, na kila lililopiga honi lilinishtua.

Mtoto alikuwa na mafua tu. Mafua! Sisi tulifutwa kamasi kwa pindo la kanga tukarudi kucheza. Lakini Mercy alikwenda kwa Jenista, akanunua kichupa cha mafuta ya mkaratusi, akampaka mtoto kifuani na chini ya pua, vilevile yalivyotoka kwenye kichupa. Jioni kifua kilikuwa chekundu kama kimemwagikiwa chai ya moto, na mtoto anavuta pumzi kwa shida.

Huyo Jenista kila mtu wa mtaani kwetu anamjua. Ana kibanda mbele ya nyumba yake, anauza mafuta ya vichupa vidogo: mkaratusi, karafuu, mchaichai. Anayatoa ng'ambo ya mpaka, na ukimuuliza nani anayakamua anakutazama kama umemuuliza umri wake. Mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: HATUCHAKACHUI. Nadhani anayapenda maandishi yale kuliko anavyowapenda wanawe.

Na yana asili yake. Marehemu mumewe, Kalisti, aliuza petroli kwenye madumu, akiichanganya na mafuta ya taa. Pikipiki za watu zikafa moja baada ya nyingine. Vijana wa bodaboda wakamfuata hadi nyumbani, wakamwita mwizi, mkewe akisikia. Hata siku ya mazishi kuna aliyenong'ona kwamba jeneza lenyewe liangaliwe, huenda mbao zimechakachuliwa. Jenista alisikia. Tangu hapo akaapa hatachanganya kitu na kitu maisha yake yote. Wanasema hata chai hatii maziwa.

Sisi wateja ndio tulizidi kumharibu. Hapa mpakani tumeuziwa asali ya sukari guru na mchele wenye kokoto mpaka tumekuwa wajinga. Tukipata kitu kikali tunashangilia. "Mafuta ya Jenista yanawasha, mwenzangu, hayo ndiyo orijino!" Mtu ngozi inamtoka kama ganda la kiazi, anasema dawa inafanya kazi. Tumaini, kinyozi wa hapo jirani, alijipaka karafuu kwenye goti, akatembea wiki nzima amekunja suruali ili tuyaone malengelenge. Na tukamsifu!

Kulipokucha Mercy akapiga.

"Mama, anapumua vizuri. Amenyonya."

Nikalia. Nikamaliza kulia, ndipo hasira ikanipanda.

"Nesi amesema yale mafuta hayapakwi hivihivi," Mercy akaendelea. "Mtu mzima anatia matone matatu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti au ya nazi, anajaribu kidogo mkononi, anangoja mpaka kesho yake. Mtoto mdogo hapakwi mkaratusi kabisa, hata ukichanganywa."

"Si ungetia maji basi?"

"Maji hapana, mama. Mafuta yanaelea juu, yanabaki makali vilevile." Nikamsikia akimbembeleza mtoto. "Mama, kuna mwingine. Nilimkuta kwa Jenista dada mmoja anaitwa Eva, wa Kamsamba. Alinunua kichupa kama nilichonunua mimi, na ana kichanga mgongoni. Alisema leo anarudi kwao. Jenista ana namba yake."

Nilitoka na kanga ya kulalia. Kibanda kilikuwa kimefungwa, nikazunguka nikagonga mlango wa nyumba.

"Nani?"

"Mama Mercy. Fungua."

"Kama umekuja kutukana, tukana hukohuko nje. Nasikia."

"Mjukuu wangu yuko hospitali, Jenista."

"Nimepata habari. Pole sana. Lakini mafuta yangu ni safi, mama. Sijatia kitu hata tone."

"Hilo ndilo kosa, mwanamke wewe! Ungetia!"

"Nichakachue? Mimi? Waje kunivamia kama walivyomvamia Kalisti?"

"Kalisti alikuwa anawaibia wenye pikipiki. Wewe unaunguza watoto, halafu unajisifu. Afadhali hata yeye alikuwa anajua anachofanya."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mercy amepaka mengi."

"Ulimwambia apake kiasi gani?"

Yeye anajua kuandika mlangoni, kupaka hajui.

"Sikuja kudai kitu," nikasema. "Nataka namba ya Eva, yule wa Kamsamba. Ana kichanga."

"Nikimpigia nitasemaje? Kwamba nimemuuzia sumu? Kesho mji mzima utajua."

"Mji mzima umeshajua. Nimepita kwa Tumaini nikija, nikamweleza."

Nikasikia anasonya. Nikakaa kwenye ngazi, nikaegemea mlango wake, sina pa kwenda. Ndani kandambili zilikuwa zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi.

"Jenista," nikasema, safari hii bila kupaza sauti, "yule dada akishafika kwao, mtoto akipiga chafya tu, atafungua kichupa. Na atapaka mengi, maana wewe umemwambia ni mazuri."

Kandambili zikasimama.

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka, nusura nianguke ndani kichalichali. Jenista alikuwa hajafunga kitambaa, nywele zimesimama, simu mkononi tayari inaita. Akaninyooshea.

"Ongea wewe. Mimi hayo maneno hayatanitoka."

Upande wa pili sauti ya mwanamke ikasema, "Haloo, dada Jenista? Tuko stendi, tunapakia mizigo."

"Si Jenista. Mimi ni Mama Mercy. Kile kichupa, mwanangu, umeshampaka mtoto?"

"Bado, mama. Kiko kwenye begi. Nilitaka nimpake tukishafika."

Nikamweleza yote aliyosema nesi, polepole, na nikamfanya ayarudie. Jenista alisimama ameshika fremu ya mlango, anatazama miguu yake. Nilipomaliza sikukata simu. Nikamrudishia mkononi.

"Mteja wako huyo," nikamwambia. "Muage."