Sidi na Gazeti la Kufungia Viazi

Pale dikoni Kuruwitu, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, hakuna asiyemjua Sidi wa Karisa. Ukinunua viazi karai kwake, vile vya kukaangwa kwa rojo la unga, utavila hapo hapo kwenye benchi mpaka amalize kuisoma karatasi ambayo angekufungia.

"Kula pole pole, baba. Ukurasa huu bado una mambo."

Ndivyo alivyojifunza Kiingereza, mwanamke aliyeachia shule darasa la sita na ambaye sasa ana miaka arubaini na tisa. Magazeti huletewa na Musyoka, bawabu wa nyumba ya tajiri mmoja upande wa Vipingo. Huyaleta kwa furushi, tajiri wake akishayachoka. Ndani yake mna chemshabongo, na majibu huwa ukurasa mwingine. Basi ni mara ngapi Sidi amemkimbilia mteja njiani, mwiko mkononi: "Wee! Rudi na karatasi yangu! Jibu la nne limefunga viazi vyako!" Watu hucheka. Yeye hupangusa mafuta akasoma.

Musyoka naye, akiegemea baiskeli, humpima.

"Mama Pola, mto mrefu wa Afrika ni upi?"

"Huo nilikujibu juzi. Uliza swali la mtu mzima, Musyoka, au Ukambani maswali yamewaishia?"

Usidhani alikuwa akitafuta sifa. Miaka ile wazee walipokubaliana kuacha kipande cha bahari kipumzike, samaki wazaane, wa kwanza kuning'iniza darini jarife lake, wavu wake mkubwa, alikuwa babake, mzee Karisa, na nyumba ile ilikuwa na watoto wanane wa kulisha. Sidi alikuwamo humo, akayaona yote. Halafu siku moja wakaja wageni, na mtembezaji wao kutoka mjini akawaambia kwa Kiingereza kwamba bahari ile ilifungwa na wakubwa wa Nairobi. Sidi alielewa kiasi cha kujua ni uongo, ila maneno ya kujibu hakuwa nayo. Akageuza viazi vyake. Kesho yake ndipo alipoanza kusoma karatasi zake.

Kwa hiyo kikundi cha kutunza bahari kilipotangaza kwamba kinataka mtu wa kupokea wageni, ajuaye Kiingereza, Sidi alikwenda kujiandikisha. Walikuwa watatu, na wenzake wawili wana vyeti vya kidato cha nne.

Ilipofika zamu yake, aliwakuta mezani Mzee Chengo, mwenyekiti wa kikundi, na Bridgit, msichana wa watu aliyetoka Kilifi mjini kuja kuuliza maswali. Akatoa shikamoo yake kwa mzee, akaketi. Bridgit akamtaka aeleze kwa Kiingereza habari moja ya wiki ile. Sidi akanyoosha mgongo. Kiingereza kikamtoka kimenyooka kama uzi: timu ya taifa ya riadha inaondoka kesho, na nchi nzima inaiombea.

Bridgit akainamisha macho. "Mama," akasema kwa upole, kwa Kiswahili, "timu hiyo ilikwenda ikarudi. Yapata miezi miwili sasa."

Chengo akaangua kicheko. "Sidi! Habari zako zimekaangwa mara mbili!"

Na kweli. Furushi la Musyoka hufika limechacha, na Sidi huzipasua karatasi nusu kwa nusu, tarehe ikaenda na kipande cha juu. Uso ukamwaka moto. Akaiona kazi ikimponyoka, na yule mtembezaji wa mjini akirudi na uongo wake.

"Hiyo ilikuwa ya gazeti," akasema, kwa Kiingereza kile kile. "Sasa sikilizeni ya leo asubuhi."

Akawaeleza kasa aliyepanda ufukweni alfajiri akataga, na wanawake waliozungushia kiota vijiti kisikanyagwe. Akaeleza kwa nini kasa wamerudi pwani ile. Akafika kwa babake, kwa lile jarife darini, kwa sima na mchicha miezi na miezi, na hakuna mkubwa yeyote aliyewalazimisha. Alikosea hapa na pale, lakini hakusimama.

Bridgit alikuwa ameacha kuandika.

"Umemwelewa?" Chengo akamwuliza.

"Neno kwa neno, mzee."

"Mimi Kiingereza kinanipiga chenga. Lakini nimesikia Karisa mara tatu. Wale wawili hawakumtaja hata mara moja."

Kazi akapewa yeye. Siku hizi Sidi huwauliza wageni kwanza hali zao, na safari, na waliowaacha nyumbani, kama adabu ya kwetu inavyotaka. Kisha huwauliza habari za huko watokako, azipate zingali mbichi. Karai amemwachia bintiye Pola. Na Pola hathubutu kupasua gazeti la Musyoka kabla mamake hajaitazama tarehe.